Msongo wa Kijamii Hubadili Ulaji na Uzito wa Panya

Msongo wa kijamii ni hali ya mnyama kuishi muda mrefu chini ya vitisho vya wenzake. Katika majaribio ya maabara, panya wanyonge wanaoishi na madume wababe hula kidogo na kukonda. Wakitenganishwa nao, hula zaidi na uzito hurejea, lakini sehemu kubwa huwa mafuta ya tumboni. Hamsta, kinyume chake, hunenepa wangali wakionewa. Homoni za msongo huchangia mabadiliko hayo kwa kuathiri hamu ya kula na matumizi ya sukari mwilini. Nje ya maabara, mtafiti Robert Sapolsky alikuta homoni hizo zikiwa juu kwa nyani madume wa daraja la chini nchini Kenya. Hivyo, kurejea kwa uzito pekee si ishara ya afya.