Bahari, maneno na majirani wa mbali: mtoto wa chekechea anavyojifunza kwa mchezo

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hajifunzi bahari kwa kuambiwa kwamba ni maji mengi yenye chumvi. Anaijua kwa kuionja, kuikanyaga, kuikimbia na kuirudia. Lugha nayo huipata hivyo hivyo, kwa kuimba, kuigiza, kukosea na kuchekwa kidogo na wenzake. Makala haya yanaeleza maana ya kujifunza kwa mchezo katika elimu ya awali. Mifano yetu inatoka mwambao wa Tanga, Mombasa na Unguja, kwa sababu huku bahari, lugha na tamaduni za watu wa mbali ni mambo yaliyofumwa pamoja tangu zamani.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Kujifunza kwa mchezo si kuwaacha watoto wazurure hadi saa ya uji. Mwalimu ana lengo na ameandaa vifaa, ila mtoto ndiye anayeshika, anayejaribu na anayeuliza. Beseni la maji likiwa na kifuu cha nazi, jiwe, kizibo na jani la mkungu ni somo zima la sayansi. Kipi kitaelea, kipi kitazama? Mtoto akisha kubashiri na kuona amekosea, atataka kujaribu tena bila kuamrishwa.

Maji kujaa na kupwa

Kwa mtoto wa pwani darasa kubwa liko nje. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda sana na kukauka sana. Katikati yake ni maji mafu. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kuelezwa nguvu ya mvutano ya mwezi. Achomeke kijiti mchangani pale maji yalipofika leo, kesho akiangalie. Baada ya wiki mbili atakuwa amejifunza kupima, kulinganisha na kusubiri, na kusubiri ndiko kugumu kuliko yote kwa umri ule.

Upepo nao una somo lake. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu katikati ya mwaka. Pepo hizi mbili ndizo zilizoleta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na ndizo zilizoyarudisha. Watoto wa pwani wamekuwa wakitengeneza vyombo vyao kwa karara la mnazi, kipande cha mfuko kikawa tanga na kijiti kikawa mlingoti. Mwalimu anayejua kazi yake hatanyang'anya karara hilo. Atauliza chombo chako kinakwenda wapi, kimebeba nini, nahodha anasema lugha gani. Hapo jiografia imeanza.

Sisi wa Tanga tuna mgeni wetu wa pekee, silikanti. Wanasayansi waliamini samaki huyu alitoweka zamani za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye wavuvi wa hapa kwetu walianza kumnasa kwenye jarife zinazotegwa kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Ana mapezi mazito anayoyapeleka kwa kupishana, kama mtoto anayetambaa. Waambie watoto watambae kama silikanti uone kama kuna atakayebaki amekaa.

Moja hadi kumi, safari nzima

Upande wa lugha, chukua kitu ambacho kila chekechea hufanya kila asubuhi: kuhesabu. Mtoto anayesema moja hadi kumi tayari amevuka bahari. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Nyingine zote ni za asili ya Kibantu, ndiyo maana bibi wa Kidigo anayesema tahu na tsano hayuko mbali na tatu na tano za shuleni. Ukienda Madagaska utakuta mambo mengine kabisa. Huko mbili ni roa, nne ni efatra, tano ni dimy. Kimalei, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, husema dua, empat, lima. Zinafanana kwa sababu mababu wa lugha ya Kimalagasi walisafiri kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Mtoto haelewi hayo yote, lakini sikio lake linaelewa kwamba roa na dua ni ndugu. Ukicheza mdako kwa kokoto tano, raundi moja mkahesabu Kiswahili, ya pili Kidigo, ya tatu Kimalagasi, hakuna atakayechoka.

Vitu vya nyumbani vinaweza kufanya kazi hiyo pia. Meza, bendera na leso ni maneno ya Kireno. Chapati ilikuja na Wahindi. Bandari na serikali yana asili ya Kiajemi, na shule ni ya Wajerumani. Mahindi yana jina la Uhindi ilhali zao lenyewe asili yake ni bara la Amerika (hili huwachekesha hata watu wazima). Tandika kanga sakafuni iwe bahari, weka vitu hivyo pembeni, kila mtoto achague kimoja na kukipeleka "kwao". Utamaduni unaofundishwa hivi una harufu na ladha. Ni bora kuliko picha ya ukutani ya watoto wa dunia wameshikana mikono, kila mmoja na kofia yake.

Nasema hivyo kwa sababu kuna presha kubwa upande wa pili. Wazazi wengi hupima shule ya awali kwa madaftari yaliyojaa na Kiingereza cha kukariri. Kuna mahali mtoto anakaripiwa kwa kutamka neno la kwao. Mtoto huyo anajifunza jambo moja haraka sana, kwamba bibi yake haongei lugha ya maana. Mtoto wa umri huo anaweza kubeba lugha mbili au tatu kwa pamoja, mradi kila moja ina mtu wa kuzungumza naye na jambo la kuzungumzia. Kiingereza hakihitaji kumfukuza mtu nyumbani ndipo kiingie.

Waliokwisha kujaribu

Mombasa mwaka 1986 ulianza mpango wa Madrasa chini ya Wakfu wa Aga Khan, ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Uliunganisha mafunzo ya dini na michezo ya awali, na vifaa vyake vingi vilitengenezwa na jamii yenyewe kwa vifuu, mbegu na makombe. Zanzibar nayo ilirusha redioni vipindi vya Tucheze Tujifunze. Kama mtu wa redio nakiri kuvionea wivu. Sauti ya redio inauliza, kisha inanyamaza makusudi ili watoto wajibu, waruke au waimbe, na mtu mzima aliye nao anawaongoza. Sisi watangazaji tumefundishwa kuogopa ukimya hewani. Kwa mtoto ukimya ule ndio zamu yake.

Usalama kabla ya yote

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mchezo wa bahari una masharti. Mtu mzima awe umbali wa kumfikia mtoto kwa mkono, si wa kumwita. Nendeni maji yanapokupwa, na mrudi kabla hayajageuka, hasa siku za bamvua ambapo hujaa kwa kasi na kuwazungukia walio kwenye mafungu. Beseni la darasani nalo limwagwe mchezo ukiisha.

Watoto wafundishwe kutookota kombe lenye kiumbe hai ndani. Konokono wa baharini mwenye gamba la umbo la pia ana sumu inayoweza kuua, na rangi zake nzuri ndizo zinazowavuta. Makombe matupu yaliyotupwa ufukweni yanatosha. Yaosheni, yaanikeni juani, kisha yapangeni kwa ukubwa, kwa rangi, au kwa majina ambayo bibi na babu wa mtaani watayataja mkiwaalika darasani.