Nek5000: Programu ya Kukokotoa Mwendo wa Vimiminika na Gesi kwa Usahihi wa Hali ya Juu

Nek5000 ni programu ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa vimiminika na gesi, pamoja na joto linalosafirishwa navyo. Programu hiyo imeendelezwa katika Maabara ya Taifa ya Argonne, iliyo chini ya Wizara ya Nishati ya Marekani, karibu na jiji la Chicago.

Msingi wake ni milinganyo ya Navier na Stokes, wanasayansi wa karne ya 19. Kwa kuwa milinganyo hiyo haina suluhisho la jumla linalojulikana, wahandisi hulazimika kuikokotoa kwa kompyuta. Eneo linalopitiwa na maji au gesi hugawanywa katika vipande vidogo, na hesabu hufanywa kipande kwa kipande.

Programu nyingi za viwandani huchukua wastani mmoja kwa kila kipande. Nek5000 hutumia mbinu ya vipengele vya spektra, iliyoasisiwa na Anthony Patera mwaka 1984, ambapo mwendo ndani ya kila kipande huelezwa kwa polinomia za daraja la juu. Pale mtiririko unapobadilika taratibu, kuongeza daraja hilo hupunguza kosa kwa kasi kubwa.

Usahihi huo una umuhimu wa pekee katika usalama. Makosa madogo hujilimbikiza katika maelfu ya hatua za ukokotoaji. Katika kinu cha nyuklia, ambapo maji hupita kati ya fito za fueli ili kuondoa joto, makadirio hafifu yanaweza kuficha sehemu isiyopozwa ipasavyo. Programu hiyo hutumika pia kuchunguza uchomaji ndani ya injini na mtiririko wa damu mishipani.

Mwaka 1999, kazi ya Henry Tufo na Paul Fischer juu ya mbinu hiyo ilitunukiwa Tuzo ya Gordon Bell. Toleo jipya, NekRS, limeandaliwa kwa ajili ya kompyuta zinazotumia prosesa za michoro.

Programu zote mbili ni za chanzo huria, hivyo mtafiti yeyote anaweza kuzikagua. Hata hivyo, matokeo yake hupaswa kulinganishwa na vipimo halisi vya maabara kabla ya kutegemewa katika maamuzi yanayogusa maisha ya watu.