Ua wa Watawa Katika Zama Mpya

Katika lugha yetu, ua ni kitu kichanuacho, na ua ni uwanja uliozungushiwa kuta. Watawa wa Ulaya walizikutanisha maana zote mbili: katikati ya nyumba zao waliacha uwanja wa mraba, wakauzungushia baraza zenye nguzo, wakauotesha majani. Ramani ya monasteri ya Saint Gall, iliyochorwa yapata mwaka 820, yauonyesha uwanja huo, na penginepo bustani ya dawa yenye matuta 16 na ya mboga yenye matuta 18. Sala, tiba na riziki zilikaa chini ya paa za jamaa moja.

Je, uwanja wa namna hii utumikeje watawa wakiisha kuondoka? Jibu moja lilitolewa New York. Monasteri ya Cuxa, katika milima ya Pyrenees, iliachwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na nguzo zake zikatawanyika. Mchongaji George Grey Barnard alikusanya baadhi yake. Mwaka 1925 mkusanyo wake ulinunuliwa na Makumbusho ya Metropolitan kwa fedha za John D. Rockefeller mdogo, na mwaka 1938 jumba liitwalo The Cloisters likafunguliwa. Humo uwanja wa Cuxa ulijengwa upya, mdogo kuliko wa asili, mawe mapya yakijaza nafasi za yaliyopotea.

Bustani zake zilifuata njia mbili. Katika uwanja wa Bonnefont hupandwa mimea iliyojulikana katika Zama za Kati, aina zaidi ya 250, ikipangwa kwa matumizi yake: tiba, upishi, rangi, hata uganga. Katika uwanja wa Cuxa mimea ya kale huchanganywa na ya kisasa, ili mgeni asikose maua tangu majira ya kuchipua hata ya kupukutika.

Mpenda usahihi ataisifu njia ya kwanza na kuilaumu ya pili. Lakini bustani si jiwe. Mmea hufa, na apandaye mwingine amekwisha kubadili kitu. Kidumucho ni umbo: mraba, njia, maji na kivuli. Hilo likilindwa, mimea yaweza kuwafuata watumiaji wake. Kosa ni kumwambia mtazamaji kuwa kipya ni cha kale. Mwacha asili ni mtumwa; naye aihifadhiye asili pasipo kuitumia, ni mlinzi wa kaburi.