Waya mmoja, saa mbili: mpokeaji anajuaje biti inaanzia wapi?

Kuna swali halichoki kurudi kwa vijana wanaochezea ruta na Arduino. Umeunganisha waya wa kutuma, wa kupokea na wa graundi, umefungua programu kwenye kompyuta, halafu badala ya maneno unaona takataka tupu. Wengi wanakimbilia kusema bodi imekufa. Nimeona ruta ikitupwa kwa sababu hiyo, wakati yenyewe ilikuwa inaongea vizuri tu, ila aliyekuwa anaisikiliza anahesabu kwa kasi nyingine.

Kwenye seriali ya aina hii hakuna waya wa saa. Mtumaji ana saa yake, mpokeaji ana yake, na saa mbili haziendi sawa kabisa hata siku moja. Watu hudhani kuna ujanja wa kuzilinganisha muda wote. Hakuna. Mpokeaji anaanza kuhesabu upya kwa kila herufi, basi.

Waya ukiwa kimya unakaa juu, yaani 1. Mtumaji akitaka kusema kitu anaushusha hadi 0 kwa muda wa biti moja: hiyo ndiyo biti ya kuanzia. Kwa kawaida zinafuata biti 8 za data, kisha waya unarudi juu kwa biti ya kumalizia. Jumla 10. Kwa kasi ya 9600, kila biti inachukua kama mikrosekunde 104.

Chipu nyingi za kupokea zinachungulia waya mara 16 ndani ya muda wa biti moja. Ikiona umeshuka, inahesabu 8 na kuchungulia tena. Bado uko chini? Kweli ni mwanzo. Umesharudi juu? Ilikuwa kelele tu, inapuuza. Kuanzia hapo inaruka 16, 16, 16, na kila inapotua inajikuta katikati ya biti, mbali na kingo.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa ndipo penye utamu. Toka waya uliposhuka hadi katikati ya biti ya kumalizia ni biti 9 na nusu. Saa ikiteleza nusu biti, umeshasoma jirani. Gawa 0.5 kwa 9.5, unapata kama asilimia 5. Pande zote mbili zinakosea, kwa hiyo ni salama kila upande usizidi asilimia 2 hivi. Ikija herufi nyingine, deni linafutwa. Hata utume kurasa milioni, kosa halijumlishwi.

Chukua Arduino Uno, saa yake ni megahezi 16. Kwa 9600 inakosea asilimia 0.2 tu. Kwa 115200, ukichungulia mara 16, kigawanyo kinachotakiwa ni 8.68, ila chipu inakubali namba kamili tu. Weka 9, unapata 111111, pungufu ya asilimia 3.5. Hatari hiyo! Ukichungulia mara 8 badala ya 16, kosa linashuka hadi asilimia 2.1. Kadi ya seriali ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kristali ya megahezi 1.8432. Namba ya ajabu? Igawe kwa 16 uone: 115200 kamili.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Lilitumika kwenye mashine za kuchapa telegrafu, ambako mhimili ulizunguka mara moja kwa herufi, ukasimama, ukasubiri ishara nyingine. Biti ya kumalizia ilikuwa muda wa chuma kutulia.

Mtego mmoja upo. Ukichomeka waya katikati ya mazungumzo yasiyo na pumziko, mpokeaji anaweza kudaka 0 ya katikati ya herufi akadhani ni mwanzo. Mara nyingi, akifika pa biti ya kumalizia anakuta 0, anatangaza kosa la fremu. Mtumaji akinyamaza kwa muda wa herufi moja tu, mambo yanakaa sawa.

Kwa hiyo takataka zikiwa mwanzoni tu halafu maneno yakaja safi, usihangaike. Zikiwa mwanzo mwisho, jaribu 9600, 38400, 57600, 115200. Na tafadhali, ruta nyingi zinatumia volti 3.3, msizichomekee moja kwa moja kwenye bandari ya seriali ya kompyuta ya zamani, mtaziunguza.

Aliyekutana na kifaa chenye kasi isiyo ya kawaida atuwekee hapo chini kwenye maoni.