Hannes Schneider, Mwalimu wa Theluji

Huenda ukashangaa, ewe msomaji, kukuta habari za theluji katika kitabu cha wanafunzi wa Kenya. Theluji tuijuayo sisi ni ile ya kilele cha Mlima Kenya, nayo wengi wetu twaitazama kwa mbali tu, asubuhi mawingu yanapofunguka. Hata hivyo, mambo ya theluji si mageni kwetu kabisa. Mwaka 1998 Mkenya mwenzetu, Philip Boit, alishindana katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alikuwa wa mwisho katika mbio za kilometa 10, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni mwa njia ili ampe mkono. Baadaye Boit akampa mtoto wake jina la Dæhlie. Basi usiseme kwamba habari hizi hazituhusu.

Mtu ninayetaka kukusimulia habari zake ni Hannes Schneider wa Austria. Yeye aliufanya mchezo wa theluji kuwa kazi ya maisha yake, akailea jamaa yake kwa kazi hiyo, na siku ya taabu ilipofika akapoteza karibu kila kitu isipokuwa mambo hayo mawili.

Kwanza yafaa ujue mchezo wenyewe. Mtu hujifunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopindwa ncha zake za mbele, ziitwazo skii. Mikononi hushika fimbo mbili. Kisha huteremka mlimani akiteleza juu ya theluji kwa kasi kubwa. Kuteremka si jambo la shida, maana hata jiwe huteremka. Shida ni kugeuka na kusimama. Watu wa Norway walikuwa na ufundi wao tangu zamani, lakini ufundi huo ulifaa zaidi vilima vya mteremko mdogo. Katika milima ya Alpi, ambako mteremko ni mkali mno, mtu asiyejua kujizuia aliweza kuvunjika mguu au kupoteza maisha.

Schneider alizaliwa tarehe 24 Juni, 1890, katika kijiji cha Stuben, karibu na njia ya mlimani iitwayo Arlberg. Zamani kijiji hicho kilipata riziki kwa wasafiri na wachukuzi waliovuka mlima. Lakini mwaka 1884 reli ilipitishwa chini ya mlima katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilometa 10, na tangu hapo wasafiri wengi wakapita chini ya ardhi bila kukiona kijiji. Majira ya baridi yakawa majira ya kukaa ndani na kungoja. Theluji haikuwa mali. Ilikuwa mzigo wa kuondoa mlangoni.

Hannes alipokuwa mtoto, alifika Stuben mtu mmoja kutoka Bregenz jina lake Viktor Sohm, naye alikuwa hodari wa skii. Mtoto akamtazama, akavutiwa, na Sohm akamfundisha. Mwaka 1907 Karl Schuler, mwenye Hoteli Post katika mji wa St. Anton, upande wa pili wa mlima, alimwajiri kijana huyo awafundishe wageni wake. Hannes alikuwa na umri wa miaka 17. Fikiri, msomaji: wakati huo kazi hiyo ilikuwa haijulikani sana, na watu wachache waliweza kuamini kwamba kijana ataweza kuoa na kulea watoto kwa kuteleza juu ya theluji.

Lakini Schneider hakuifanya kazi yake kama mchezo. Alichunguza kila mwendo wa mwili. Akaona kwamba mtu asisimame wima, bali apige magoti kidogo na kuinama mbele. Akaona tena kwamba anayeanza azisukume nyuma za skii zake nje, ncha za mbele zikaribiane na za nyuma ziachane, nazo zitamzuia kama breki. Akisha kuzoea hilo, afundishwe kugeuka polepole, na mwishowe kugeuka kwa kasi. Kila hatua ilizaliwa na hatua iliyotangulia. Ufundi huu uliitwa ufundi wa Arlberg.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Schneider alikuwa askari wa Austria, akawafundisha askari wengi namna ya kwenda juu ya theluji milimani. Huko alijifunza jambo kubwa. Kumfundisha mtu mmoja mwenye kipawa ni rahisi. Lakini kuwafundisha mamia, wenye kipawa na wasio nacho, kwahitaji utaratibu. Vita ilipokwisha akarudi St. Anton, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaanzisha shule yake. Wanafunzi waligawanywa katika madarasa kwa kadiri ya ujuzi wao, na walimu wote walifundisha kwa njia moja. Mwanafunzi hakupanda darasa mpaka amelijua somo lake. Wewe uliye shuleni leo waona hayo ni mambo ya kawaida, lakini katika mchezo ule yalikuwa mageni.

Sifa zake zikaenea. Alionekana katika filamu za Arnold Fanck, na watu wa mijini ambao hawakupata kuona mlima wakaona jinsi mwanadamu awezavyo kuruka na kugeuka katika weupe ule. Mwaka 1928 yeye na Mwingereza Arnold Lunn walianzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar. Mwaka 1930 alialikwa Japani, na mwaka 1936 Marekani. Kila alikokwenda alirudi St. Anton, kwa mkewe Ludwina na watoto wao wawili, Herbert na Herta. Mji uliokuwa ukilala wakati wa baridi ulijaa wageni, na watu wengi wakapata kazi kwa sababu yake.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka. Mwezi wa Machi, 1938, majeshi ya Hitler yaliingia Austria, nchi ikatiwa katika himaya ya Ujerumani. Mara Schneider akakamatwa, akatiwa gerezani katika mji wa Landeck. Kosa lake lilikuwa nini? Hakuwa mwizi wala mwuaji. Alikuwa hapendi siasa ya Wanazi, na jambo hilo lilijulikana; tena hakuacha urafiki wake na watu wa asili ya Kiyahudi. Mmoja wao alikuwa Rudolf Gomperz, mtu aliyefanya kazi nyingi kuustawisha mji wa St. Anton na kuwaleta wageni. Ingalikuwa rahisi kwa Schneider kumkana rafiki yake na kuinama mbele ya wakubwa wapya, akabaki na shule yake na heshima yake. Hakufanya hivyo.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Baada ya majuma machache Schneider alitolewa gerezani, lakini hakuachiwa huru. Alipelekwa Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, akae huko chini ya uangalizi wa wakili mmoja aliyekuwa rafiki yake. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Harvey Gibson, mkuu wa benki moja kubwa ya New York, alikuwa akimtafutia njia. Gibson alizaliwa katika mji mdogo wa North Conway, jimbo la New Hampshire, naye alitaka kuustawisha mji wake kwa mchezo wa skii. Kwa kuwa alikuwa na uhusiano na wakuu wa fedha wa Ujerumani kwa ajili ya madeni, alipata nafasi ya kumwombea Schneider ruhusa ya kuondoka. Ruhusa ikapatikana. Schneider hakuondoka peke yake. Alikwenda pamoja na mkewe na watoto wote wawili.

Tarehe 11 Februari, 1939, walishuka garini katika stesheni ya North Conway. Watoto wa mji walikuwa wamejipanga safu mbili, wameinua fimbo zao za skii na kuzikutanisha juu kama paa, na jamaa ile ya wageni ikapita chini yake. Herbert alisimulia baadaye kwamba baba yake alimwambia hapo kuwa mahali hapa si St. Anton, lakini watapapenda. Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka 48. Alikuwa ameacha nyumba, shule, na milima aliyoijua tangu utoto. Naye hakuanza kwa kulalamika mbele ya mwanawe, bali alianza kwa kumtia moyo.

Kisha akashika kazi. Mlima wa huko, Cranmore, ni mdogo ukilinganishwa na Alpi, lakini aliusafisha miti, akapanga njia zake, akaendesha shule kwa utaratibu uleule. Methali yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hakika wenyeji walipona, kwa kuwa mji ule ukawa mmoja wa miji mashuhuri ya skii katika mashariki ya Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, Herbert aliingia Divisheni ya 10 ya Milimani, akaenda kupigana huko Italia. Sanaa aliyofundishwa na baba yake ilipata kuitumikia nchi iliyowapokea.

Lakini si wote waliopata mlango wa kutokea. Rudolf Gomperz hakuwa na mkuu wa benki wa kumwombea. Mwaka 1942 alipelekwa Maly Trostinec, karibu na Minsk, akauawa huko. Tukimkumbuka Schneider aliyeokoka, ni haki tumkumbuke na rafiki yake asiyeokoka. Maana wote wawili waliujenga mji mmoja.

Hannes Schneider alifariki North Conway tarehe 26 Aprili, 1955. Herbert akaiongoza shule baada yake, na baadaye akawa mmoja wa wenye mlima ule wa Cranmore. Alikaa huko hata alipofariki mwaka 2012.

Basi, msomaji, utakapochagua kazi, pengine watu watakuambia kwamba kazi uipendayo si kazi. Usiwadharau, lakini uwajibu kama Schneider alivyowajibu watu wa zamani zake, yaani kwa kuijua kazi hiyo hata mwisho na kuwafundisha wengine. Adui wanaweza kumnyang'anya mtu shule, nyumba na nchi. Ujuzi wake alivuka nao bahari, na mkono wa mkewe na watoto wake aliushika alipokuwa akishuka garini. Kwa hayo alianza tena.