Uliza, pima, uliza tena: historia ya majibu yanayokataliwa na mashine

Kila mkaaji wa Salamabila mwenye simu amekwisha kukutana na jambo hili. Anataka kutuma pesa, anakosea kuandika kiasi au anaacha nafasi tupu, na simu inamrudisha pale pale: jibu si sahihi, jaribu tena. Akikosea namba ya siri mara kadhaa, akaunti inafungwa. Watu hukasirikia simu, lakini simu inafuata amri tu. Kuna mtu aliyekaa akaiandikia: uliza, pima jibu, likiwa baya uliza tena, na yakizidi makosa simama.

Amri za aina hiyo ni za zamani kuliko simu za mkononi. Katika Kabambare na Kasongo zimeingia nyumba kwa nyumba kwa njia ambayo familia zilizohama zinaijua kuliko mtu yeyote: karte ya uchaguzi.

Congo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984, enzi za Mobutu, na tangu hapo haikufanyika sensa nyingine ya nchi nzima. Kadi ya raia haikufika kwa watu. Ndiyo maana karte ya uchaguzi imekuwa ikifanya kazi zote: inaonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani, inaombwa mtu anaponunua karte sim, anapochukua pesa zilizotumwa, mara nyingi hata anapoandikwa kwenye orodha ya msaada. Mtu aliyekimbia mapigano kati ya Mai-Mai Malaika na jeshi, akavuka msitu na watoto mgongoni, huenda hana karatasi nyingine isipokuwa hiyo. Herufi moja iliyokosewa juu yake inaweza kumzuia siku nzima kwenye kizuizi, au kumtoa kwenye orodha ya unga na mafuta.

Kwa hiyo inafaa kujua mashine inayopokea majibu inavyofikiri, na ilikojifunzia.

Mwaka 1971, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson aliandika programu inayoitwa shell kwa ajili ya mfumo wa Unix. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni ganda, kama ganda la konokono: ni sehemu ya nje, ile inayopokea maneno ya mtu na kuyapeleka ndani kwa kompyuta. Shell ya Thompson ilipokea amri vizuri, ila haikuwa na njia nzuri ya kufikiri juu ya jibu. Neno la kusema "ikiwa" lilikuwepo kama programu ya pembeni, na kurudia kitu kulifanywa kwa kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1979, Unix toleo la 7 ilipotolewa ikiwa na shell mpya ya Stephen Bourne. Ndani yake mlikuwa na maneno yanayotumika mpaka leo: read ya kupokea jibu la mtu, if ya kuweka sharti, case ya kulinganisha jibu na mifano kadhaa, while na until za kurudia. Bourne alipenda lugha ya Algol 68, ambayo hufunga sharti kwa kuandika neno kinyumenyume. Ndiyo sababu if inafungwa kwa fi, na case kwa esac. Mzunguko unaoanza na do ungepaswa kufungwa kwa od, lakini od ilikuwa tayari jina la programu nyingine ndani ya Unix, basi ukafungwa kwa done. Mwanafunzi wa informatiki anayejiuliza kwa nini maneno haya hayafanani amepata jibu. Miaka kumi baadaye, 1989, Brian Fox alitoa Bash kwa ajili ya mradi wa GNU, na hiyo ndiyo shell iliyoenea zaidi kwenye mashine za Linux. Siku hizi kijana mwenye simu ya Android anaweza kuiweka kwa programu ya Termux na kujifunza chini ya mwembe, mradi betri ina moto.

Chukua kazi ya kweli: kuandika familia zilizofika usiku. Programu inauliza umri wa mama wa nyumba. Mzunguko wa while unasema: maadamu jibu halijakubalika, endelea kuuliza. Ndani ya mzunguko kuna masharti. La kwanza, je, jibu ni tupu? Mtu akibonyeza tu kitufe bila kuandika, programu isiyopima utupu itaanguka au itaandika familia isiyo na umri. La pili, je, ni tarakimu tupu? Aliyeandika herufi O mahali pa sifuri hatagundua kwa macho, mashine itagundua. La tatu, je, namba ina maana? Miaka 340 ni tarakimu safi kabisa, na hakuna bibi wa miaka hiyo hata Kasongo. Jibu likipita masharti yote, mzunguko unavunjwa na swali linalofuata linaingia.

Mpangilio huo una maana. Ukianza kulinganisha namba kabla hujajua kama ni namba, shell inatoa kosa na inaweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni sawa na karani anayepima uzito wa gunia kabla hajafungua kuona kama ni mpunga au mchanga.

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa hata wenye kazi hiyo. Katika hesabu za Bash, namba inayoanza na sifuri inasomwa kwa hesabu ya nane, ambayo haina tarakimu 8 wala 9. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka lugha ya C. Basi karani anaandika mwezi wa kuzaliwa: 07 inapita, 08 inakataliwa, 09 inakataliwa, 10 inapita. Mtoto wa Agosti na mtoto wa Septemba wanafukuzwa mlangoni ingawa mama zao wamesema kweli. Dawa ni fupi: kuandika 10# mbele ya jina la namba ndani ya hesabu, ili shell isome kwa kumi. Ila ni lazima kwanza mtu atambue kwamba kosa ni la sharti na si la mama.

Mtego wa pili ni mzunguko usio na mlango wa kutokea. Programu inasoma majibu kutoka faili. Faili likiisha, read hairudishi kitu, sharti linasema jibu ni tupu, mzunguko unauliza tena, unapata utupu tena, na hivyo bila mwisho mpaka mtu aizime. Wenye busara huweka hesabu: mara tatu, kisha simama na mwite mtu. Waliokaa kwenye mistari ya kuandikishwa wanaujua mzunguko huu kwa jina lingine, "rudi kesho".

Sasa turudi kwenye karte. Mwaka 2005 tume ya uchaguzi ya wakati ule, CEI, chini ya padri Apollinaire Malu Malu, ilianza kuandikisha wapiga kura wa nchi nzima kwa kompyuta ndogo, kamera, kisoma vidole na printa, vifaa vilivyotolewa na kampuni ya Ubelgiji, Zetes. Vifaa vilisafirishwa kwa ndege, pikipiki, mitumbwi na vichwa vya watu. Walioandikwa walifika zaidi ya milioni 25. Mashine hazikutumia shell ya Bourne mbele ya mwananchi, lakini kazi ilikuwa ileile: uliza, pima, uliza tena. Umri uwe miaka 18 au zaidi. Na kwa asiye na karatasi yoyote, sheria iliacha njia ya pili: mashahidi wa mahali pale waliomjua waseme. Hilo ndilo waandishi wa programu huita tawi la "kama sivyo". Bila tawi hilo sehemu kubwa ya Maniema ingebaki nje, kwa sababu cheti cha kuzaliwa ni kitu cha nadra katika vijiji vyake.

Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ngumu zaidi. Wazee wanahesabu kwa matukio: alizaliwa mwaka wa uhuru, alizaliwa kabla ya waasi wa 1964. Wanajua mwaka, pengine msimu. Sanduku la tarehe linataka siku, mwezi na mwaka, na likikuta siku ni tupu linarudisha swali. Karani aliyechoka, mwenye watu wengi nje, anaandika 1 Januari na mzunguko unafunguka. Jambo hili limetokea dunia nzima kwenye orodha za wakimbizi, hata 1 Januari imekuwa sikukuu ya kuzaliwa ya watu wengi mno. Sharti kali lililokusudiwa kuzuia uongo limezaa uongo wenye umbo sahihi. Programu iliyotungwa vizuri ingekubali neno moja zaidi: haijulikani.

Masanduku ya majina nayo yana siasa ndani yake. Karte ya Congo ina jina, postnom na prénom. Postnom ilitoka kwenye siasa ya uhalisi ya Mobutu, ambaye mwaka 1972 alikataza majina ya Kikristo na kuwataka watu wachukue majina ya mababu. Upande wa Kasongo na Kabambare, ambako Uislamu na Kiswahili vimekaa tangu enzi za Tippu Tip, watu wengi walijitambulisha kwa mtindo wa fulani bin fulani. Jina la baba likaingizwa kwenye postnom, au likaachwa, au likaunganishwa na la kwanza, kila ofisi kwa namna yake. Sanduku likijaa, sharti limetimia. Hakuna sharti linalouliza kama watoto watatu wa baba mmoja wameandikwa kwa mpangilio mmoja.

Udhaifu wa kukagua umbo peke yake ulionekana hadharani baada ya uandikishaji ulioanza Julai 2016. Mwezi wa 4, 2018, CENI ilitangaza kwamba orodha iliyosafishwa ina watu zaidi ya milioni 40. Zaidi ya milioni 5 walikuwa wameondolewa kwa kuandikwa mara mbili, na karibu laki 9 kwa kuwa watoto. Mtoto wa miaka 15 akitaja mwaka wa uongo, mashine inatoa mwaka kwa mwaka, inapata 18, inamruhusu. Na mashine iliyo kituoni, bila mtandao, haiwezi kujua kwamba mtu huyu aliandikwa kituo kingine; kulinganisha kunafanyika baadaye, Kinshasa. Hapo ndipo mhamaji anapoweza kuumia. Aliyeandikwa Salamabila, akapoteza karte njiani, akaandikishwa upya Kasongo, anaonekana kwenye orodha kama mtu aliyetaka kupiga kura mara mbili. Kule Kinshasa hakuna wa kumuuliza, maana yeye hayuko tena mbele ya mashine.

Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nchi Zinazozungumza Kifaransa walikagua orodha hiyo mwaka 2018 wakakuta asilimia 16.6 ya walioandikwa hawana alama za vidole. Wapinzani walisema ni watu hewa, CENI ilikataa. Vidole vya mkulima, au vya mchimba dhahabu wa Namoya aliyeshika nyundo miaka kumi, husomeka kwa shida, kwa hiyo ilikuwa haki kuwepo njia ya kupita bila vidole. Lakini njia kama hiyo inahitaji swali la pili lisiloweza kurukwa: kwa nini havikuchukuliwa? Rekodi yenye sababu inaweza kutetewa. Rekodi tupu inaacha kila mtu aseme anachotaka, na mwaka ule walisema mengi.

Maniema iliingia kwenye uandikishaji wa mwisho tarehe 16 Februari 2023, pamoja na Ituri, Kivu zote mbili, Tshopo na Uele zote mbili. Nchi nzima walibaki wapiga kura karibu milioni 44. Kabla ya uchaguzi wa Desemba mwaka ule tatizo jipya lilijitokeza: maandishi ya karte nyingi yalifutika, picha na jina vikapotea juu ya plastiki. Jibu lilikuwa sahihi, lilipimwa, likahifadhiwa, na wino ukaliacha. Watu wakapanga mistari kuomba duplikata.

Kwenye mstari huo kazi ya mashine ni kutafuta, na hutafuta kile kilichoandikwa mara ya kwanza. Asani kwa s moja, Assani kwa s mbili na Hassani kwa h ni mtu mmoja kwa mama yake. Kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi inaona watu watatu. Mwenye karte iliyofutika anataja jina lake kama linavyotamkwa, karani anaandika kama alivyosikia, skrini inasema hakuna. Karani anajaribu s nyingine, kisha anauliza postnom, kisha mwaka, kisha kijiji. Aliyekuwa amenakili namba ya karte kwenye daftari, au kuipiga picha wino ulipokuwa bado mzima, anaisoma tarakimu kwa tarakimu, na anapata karte yake kabla ya mchana.