Msumari Uliotokeza

Ndugu msomaji wa Uwemba, papasa nyuma ya mlango wako. Je, ncha ya msumari imekukwaruza?

Jirani zetu Wakinga walikuwa wahunzi hodari. Walichoma mawe yenye chuma katika tanuru, wakafua majembe. Chuma walikikata kikiwa chekundu, maana ndipo kilipo laini. Zamani za Wajerumani na Waingereza majembe ya Ulaya yalijaa madukani, tanuru zikapoa.

Msumari wa dukani twaukata ungali baridi, na hapo wengi hukosea. Tindo hukata, lakini pigo la nyundo huulegeza. Koleo la kawaida huacha kipande kimechomoza, tena kikali! Chagua koleo la kukatia lenye uso bapa mbele, lilale juu ya ubao. Kisha pitisha tupa, papasa tena, polepole.